Nishati jadidifu, ukuaji wa uchumi na utoaji wa hewa ukaa

Uhusiano kati ya nishati jadidifu, ukuaji wa uchumi na utoaji wa hewa ukaa ni mada ya uchumi wa mazingira inayochunguza kama nchi inaweza kuongeza pato lake bila kuongeza gesi zinazopasha joto angahewa. Kwa karne mbili hivi mambo hayo yalikwenda pamoja: nchi iliyotajirika ilichoma makaa ya mawe, mafuta na gesi zaidi. Tangu miaka ya 1990 nchi kadhaa, hasa za Ulaya, zimeendelea kukuza uchumi huku hewa ukaa yao ikipungua. Nchi nyingi za Afrika nazo hutoa hewa ukaa kidogo sana, lakini kwa sababu nyingine kabisa: wananchi wake wengi hawana umeme, gari wala kiwanda cha kufanyia kazi. Kwa hiyo takwimu zinazofanana zinaweza kueleza maisha yasiyofanana hata kidogo.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa nchi maskini. Zinahitaji umeme mwingi zaidi ili watu wake wapate ajira, maji, matibabu na elimu, na zinaambiwa ziupate bila kupita njia ya makaa ya mawe iliyopitwa na waliotangulia.

Maana na vipimo

Nishati jadidifu ni nishati inayotoka kwenye vyanzo vinavyojirudisha vyenyewe: jua, upepo, maji ya mito, joto la ardhini na mimea. Huitwa pia nishati mbadala. Nchini Kenya wengi husema kawi badala ya nishati. Nyuklia haihesabiwi humo, ingawa kinu cha nyuklia hakitoi hewa ukaa kinapofanya kazi. Ufaransa, iliyojenga vinu vingi baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, hupata karibu theluthi mbili ya umeme wake kwenye nyuklia. Mfaransa wa kawaida husababisha hewa ukaa kidogo kuliko Mjerumani, ingawa Ujerumani ina umeme mwingi zaidi wa jua na upepo. Ujerumani ilifunga vinu vyake vitatu vya mwisho Aprili 2023 huku ikiendelea kuchoma makaa ya mawe.

Hewa ukaa ni jina la kawaida la dioksidi ya kaboni, gesi kuu kati ya gesijoto zinazotokana na kazi za binadamu. Mwaka 2023 uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi pamoja na utengenezaji wa saruji ulitoa takriban tani bilioni 37 za gesi hiyo duniani.

Kipimo kinachochaguliwa hubadilisha orodha ya wanaolaumiwa. Kwa jumla ya mwaka, China inaongoza kwa karibu theluthi moja ya hewa ukaa yote, ikifuatwa na Marekani na India. Kwa kila mtu, Mmarekani husababisha takriban tani 14 kwa mwaka, Mchina tani 8, Mhindi tani 2, na Mtanzania chini ya nusu tani. Qatar na nchi nyingine ndogo za Ghuba zenye mafuta na gesi ziko juu ya wote. Ukihesabu kila kilichotolewa tangu mapinduzi ya viwanda, Marekani peke yake ina takriban robo, na bara zima la Afrika lina asilimia chache tu. Serikali hupenda kipimo kinachoipendeza, na katika mikutano ya kimataifa sehemu kubwa ya mabishano huwa juu ya kipimo kabla ya kufika kwenye utekelezaji.

Kanuni ya Kaya

Njia rahisi ya kuelewa uhusiano huu ni kanuni iliyopewa jina la mchumi wa nishati Mjapani Yoichi Kaya. Kanuni hiyo husema kwamba hewa ukaa ya nchi ni zao la mambo manne yanayozidishwa: idadi ya watu, pato kwa kila mtu, nishati inayotumika kupata kila shilingi ya pato, na hewa ukaa inayotoka katika kila kipimo cha nishati hiyo.

Hakuna serikali inayotaka kupunguza pato la watu wake, na idadi ya watu haibadiliki upesi. Mzigo wote basi hubaki kwenye mambo mawili ya mwisho. Ufanisi, yaani balbu, injini na viwanda vinavyotumia nishati kidogo, hupunguza la tatu. Nishati jadidifu hugusa la nne. Ikiwa uchumi unakua kwa asilimia 5 kwa mwaka, na ufanisi pamoja na nishati safi vinapunguza hewa ukaa ya kila shilingi kwa asilimia 3, basi hewa ukaa ya nchi itaendelea kupanda kwa takriban asilimia 2. Ndiyo maana nchi inayokua kasi inaweza kujenga mitambo mingi ya jua na upepo kuliko nyingine yoyote na bado moshi wake ukaongezeka, wakati nchi inayokua polepole hupata sifa kwa juhudi ndogo zaidi.

Ipo pia tofauti kati ya umeme na nishati yote. Umeme ni takriban sehemu moja ya tano tu ya nishati inayotumika duniani. Iliyobaki huendesha magari, meli, matanuri ya viwanda na majiko. Mwaka 2023 vyanzo jadidifu vilitoa takriban asilimia 30 ya umeme wa dunia, lakini sehemu yao katika nishati yote ni ndogo zaidi. Mtu akisoma kwamba nchi fulani inatumia nishati safi kwa asilimia 90, swali la kwanza la kuuliza ni: asilimia 90 ya nini?

Historia ya utafiti

Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alionya kwamba injini bora za mvuke hazikuwa zikipunguza matumizi ya makaa ya mawe. Kwa kuwa zilifanya nishati iwe rahisi, watu waliitumia zaidi. Hoja yake bado hurudiwa kila mara ufanisi unaposifiwa kuwa dawa.

Katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda ghafla, wachumi walitaka kujua kama ni nishati inayoleta ukuaji au ni ukuaji unaoleta matumizi ya nishati. Utafiti wa John Kraft na Arthur Kraft wa mwaka 1978 kuhusu Marekani ulifungua mfululizo wa makala mamia kuhusu nchi mbalimbali. Majibu yamegawanyika. Baadhi hukuta kwamba nishati ndiyo hutangulia, na kwa hiyo kuibana ni kubana uchumi. Baadhi hukuta kinyume chake, wengine hukuta kila kimoja kinakisukuma kingine, na wengine hawaoni uhusiano wowote. Matokeo hutegemea nchi, miaka iliyochaguliwa na namna ya kukokotoa, kwa hiyo makala moja haitoshi kuamulia sera ya taifa.

Hoja iliyopata umaarufu zaidi ni ya mkunjo wa Kuznets wa mazingira. Simon Kuznets mwenyewe hakuandika juu ya moshi. Mwaka 1955 alieleza kwamba tofauti ya kipato hupanda nchi inapoanza kukua, kisha hushuka. Miaka ya 1990 mwanzoni Gene Grossman na Alan Krueger waliona umbo kama hilo katika uchafuzi: hewa huchafuka nchi ikiwa maskini inayoinuka, kisha husafika ikitajirika. Kwa moshi wa salfa na vumbi la mijini ushahidi ulikuwa mzuri, kwa sababu mtu huuona na kuuvuta moshi huo mwenyewe na huibana serikali yake. Hewa ukaa haionekani, haina harufu, na madhara yake humfikia mtu aliye mbali. Nchi tajiri zilizopunguza hewa ukaa hazikupunguza kwa sababu ya utajiri pekee. Zilitunga sheria, zilitoza kodi au zilibadili mafuta.

Tatizo la kuni na mkaa

Katika orodha za kimataifa za sehemu ya nishati jadidifu katika nishati yote, nafasi za juu hushikwa na nchi kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ethiopia na Uganda, huku Tanzania nayo ikiwa mbele ya karibu Ulaya yote. Sababu ni kuni na mkaa. Kwa kuwa mti huota tena, nishati ya mimea huwekwa katika kundi la jadidifu, iwe ni jiko la mafiga matatu kijijini au mtambo wa kisasa unaochoma mabaki ya miwa.

Hesabu hiyo huficha mambo mawili. Kwanza, msitu unaokatwa haraka kuliko unavyoota haujirudishi, na mkaa unaoingia Dar es Salaam, Kinshasa au Kampala hutoka mbali zaidi kadiri miaka inavyopita. Pili, moshi wa jikoni huua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto.

Matokeo yake huwashangaza wanafunzi. Familia ikihama kutoka mkaa kwenda gesi ya mtungi, takwimu za taifa huonyesha kwamba sehemu ya nishati jadidifu imeshuka na hewa ukaa ya mafuta imepanda, ingawa mama anapumua vizuri na miti imebaki. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na gesi ya mitungi ni sehemu kubwa ya mpango huo. Kwa kipimo cha asilimia peke yake, mafanikio ya mkakati huo yangesomeka kama kurudi nyuma.

Nchi zilizopunguza hewa ukaa

Uingereza ndiyo iliyoanza kuchoma makaa ya mawe kwa viwanda, na kituo cha umeme wa makaa kilifunguliwa London mwaka 1882. Mwaka 2012 makaa bado yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme wake. Kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Kati ya 1990 na 2022 gesijoto za nchi hiyo zilipungua kwa takriban nusu huku uchumi ukikua kwa karibu asilimia 80. Gesi asilia ilichukua nafasi ya makaa kwanza, kisha upepo wa baharini, na bei iliyowekwa juu ya kaboni ilifanya makaa yasilipe.

Sweden ilianza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1991, na leo kodi hiyo inazidi euro 100 kwa tani. Nchi hiyo ilikuwa na bahati ya mito na nyuklia tayari, hivyo kazi kubwa ilikuwa kubadili namna ya kupasha nyumba joto. Denmark, iliyoumizwa na bei za mafuta za 1973, iligeukia upepo; shamba la kwanza la mitambo ya upepo baharini duniani lilijengwa Vindeby mwaka 1991, na sasa upepo hutoa zaidi ya nusu ya umeme wa nchi.

Nchini Marekani hewa ukaa imepungua tangu katikati ya miaka ya 2000, lakini sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na gesi asilia ya bei nafuu kuondoa makaa, si jua wala upepo peke yake.

Wakosoaji hutaja mianya. Nchi iliyofunga viwanda vyake vya chuma na kununua chuma China imehamisha moshi, haikuuzima. Kwa sababu hiyo watafiti hukokotoa pia hewa ukaa ya matumizi, inayomhesabia mnunuzi moshi wa bidhaa alizoagiza. Kwa hesabu hiyo Uingereza na Sweden bado zimepunguza, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Norway ni mfano mwingine: umeme wake karibu wote ni wa maji na magari mapya mengi ni ya umeme, ila mafuta na gesi inayouza nje huhesabiwa kule yanakochomwa. Kwa upande wa mashariki, upungufu mkubwa wa Urusi na Ukraina katika miaka ya 1990 haukutokana na sera yoyote ya mazingira. Uchumi ulianguka na viwanda vikafungwa.

China na India

China huunguza makaa ya mawe zaidi ya nusu ya makaa yote ya dunia, na makaa hutoa takriban asilimia 60 ya umeme wake. Nchi hiyohiyo ilifunga mwaka 2023 paneli za jua zenye uwezo wa zaidi ya gigawati 200, sawa na uwezo wa Bwawa la Julius Nyerere la Tanzania mara tisini na zaidi, ingawa paneli hulala usiku na bwawa halilali. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba hewa ukaa yake itafika kilele kabla ya 2030 na kusawazishwa kabla ya 2060. India, ambayo hupata takriban robo tatu ya umeme wake kutoka makaa, imejipa hadi 2070.

Athari kubwa zaidi ya China kwa nchi nyingine imepitia bei. Viwanda vyake hutengeneza zaidi ya asilimia 80 ya paneli za jua duniani, na katika muongo wa 2010 bei ya paneli ilishuka kwa takriban asilimia 90. Bila mteremko huo, taa ya sola kwenye nyumba ya udongo isingekuwa jambo la kawaida.

Afrika

Afrika ina takriban asilimia 18 ya watu wa dunia na hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na nishati. Hata hivyo nchi zake hazifanani.

Kenya hupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kwenye vyanzo jadidifu. Msingi wake ni jotoardhi la Olkaria katika Bonde la Ufa, lililoanza kutoa umeme mwaka 1981, na leo jotoardhi hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi. Mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, iliunganishwa na gridi mwaka 2018. Mpango wa kituo cha makaa ya mawe Lamu ulisimama Juni 2019 baada ya mahakama ya mazingira kufuta leseni yake, kufuatia upinzani wa wakazi waliohofia uvuvi na mji wao wa kale. Nishati safi nayo haikosi migogoro: wafugaji wa Olkaria na wa Marsabit wamelalamikia ardhi yao.

Tanzania ilijenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, wakati nchi ikiwa katika mgawo wa umeme. Kabla yake zaidi ya nusu ya umeme ilitokana na gesi asilia, iliyoanza kutumika kutoka Songo Songo mwaka 2004. Wanamazingira walipinga bwawa hilo kwa kuwa liko ndani ya eneo la Selous, urithi wa dunia tangu 1982. Serikali ilijibu kwamba nchi haiwezi kuwa na viwanda bila umeme.

Kutegemea maji kuna hatari yake. Zambia, inayopata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake mitoni, ilikumbwa na ukame mkali mwaka 2024. Ziwa Kariba lilishuka, na watu walikaa gizani kwa sehemu kubwa ya siku. Nchi isiyochangia karibu chochote katika mabadiliko ya tabianchi ilipoteza umeme wake safi katika ukame wa aina ambayo wanasayansi wanatarajia iongezeke.

Afrika Kusini ni kinyume cha hao wote. Makaa ya Mpumalanga hutoa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake, na huajiri maelfu ya watu ambao hawawezi kuambiwa tu waache. Mwaka 2021 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 8.5 kusaidia mabadiliko ya haki, nyingi zikiwa mikopo. Marekani ilijitoa mwaka 2025.

Kongo ina maporomoko ya Inga, yanayokadiriwa kuweza kutoa takriban megawati 40,000. Mpaka sasa yana vituo viwili vya miaka ya 1970 na 1980, na takriban mtu mmoja kati ya watano tu nchini ana umeme. Wakati huohuo Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za magari ya umeme yanayosafisha hewa ya miji ya mbali.

Gharama na mvutano wa haki

Mtambo wa jua au upepo haununui mafuta, lakini karibu gharama yake yote hulipwa mwanzoni. Kwa hiyo bei ya umeme wake hutegemea riba. Mwekezaji anayekopa Ujerumani hulipa riba ndogo. Anayekopa kwa ajili ya mradi Afrika hulipa mara mbili au tatu zaidi, na jua lilelile, ambalo ni kali zaidi huku, hutoa umeme wa bei ya juu. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu zao wenyewe zilifikisha kiasi hicho mwaka 2022. Mkutano wa Baku wa 2024 ulipanga dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, kiasi ambacho wajumbe wengi wa nchi zinazoendelea walikiita kidogo mno.

Mvutano huu ulionekana wazi katika bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga kwa sababu za haki za binadamu na mazingira. Uganda na Tanzania ziliendelea na ujenzi, na watetezi wa mradi huo waliuliza kwa nini bara lililokuwa likirudi kutafuta gesi ya Afrika baada ya vita vya Ukraina linakataza wengine kuuza yao.

Ethiopia imefuata njia nyingine. Ina umeme mwingi wa maji, hasa baada ya bwawa kubwa la mto Abay, lenye uwezo wa zaidi ya megawati 5,000, kuzinduliwa Septemba 2025, na tangu mwishoni mwa 2022 huiuzia Kenya megawati 200. Petroli na dizeli, kinyume chake, hununuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haina za kutosha. Mwaka 2024 serikali ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo, na sababu kuu iliyotolewa ilikuwa mzigo wa fedha za kununulia mafuta nje.